Ngumi ya Bibi Faida

Niseme mapema, mtu asije akanibebesha mimi lawama: aliyetoa mfupa wa binti yake na kuuweka mbele ya wageni wa posa ni kaka yangu Nasoro. Mimi Asha, shangazi wa msichana, nilimvuta shati pale mlangoni. Nilimwambia, "Kaka, hiyo kitu iache chumbani." Hakusikia. Nasoro akishapata kitu cha kuonyesha watu, hata adhana inaweza kumpita.

Binti mwenyewe ni Samira. Nimemlea mimi, tangu mama yake aliporudi kwao Kalemie na kutuachia mtoto ambaye bado anakojoa kitandani. Leo ni mwanamke mzima, ana cherehani yake karibu na soko la Baraka, hatua chache kutoka kwenye meza yangu ya samaki, na nguo zake zinavaliwa mpaka Lweba. Mwaka jana alipanda pikipiki kwenda Fizi kununua vitenge. Dereva akakimbiza, wee, anakimbilia wapi Mungu ndiye anajua, wakaanguka kwenye mteremko. Dereva aliamka akapangusa suruali. Samira hakuamka. Mfupa wa nyonga ulivunjika, ukajiunga wenyewe vibaya, na tangu siku hiyo anatembea na gongo, kiuno kimelala upande mmoja.

Wakati huo alikuwa tayari na Juma, kijana wa Ubwari anayetengeneza mashini za boti. Watu walisema kijana atakimbia. Hakukimbia. Alikuwa anavuka ziwa kuja kumwangalia, analeta maembe, anakaa uani anamchekesha mpaka binti anashika ubavu kwa maumivu na kicheko pamoja. Mimi nilimpenda kwa ajili hiyo, sifichi. Nilimchagulia mikeke, samaki wetu wa ziwani, wale wanono, nilimkaangia kwa mikono yangu mwenyewe.

Sasa, ule mfupa. Dokta Lionel wa hospitalini alitutuma Kigoma, ng'ambo ya ziwa, Samira akapigwe picha kwa mashini ile inayokumeza mzima mzima. Tulirudi na picha ndani ya sidii. Nikauliza, sidii itatembeza mtu? Dokta akacheka, akatupeleka kwenye chumba kidogo nyuma ya maabara. Mle ndani kulikuwa na Arlette, binti wa Kirundi aliyekulia hapa hapa Baraka, na mashini nyingine, ndogo, unaweza kuibeba kwa mikono miwili. Arlette anaingiza zile picha kwenye kompyuta, anatenganisha mfupa na nyama, kisha mashini inayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga mzunguko juu ya mzunguko, kama mtu anayesuka kikapu kuanzia chini. Unakaa, unangoja, unachoka, na mwishoni unatoka mfupa. Si mfupa wa mtu yeyote. Ni wa Samira, na ule ufa wake pale pale ulipo.

Dokta alieleza kwamba kuna mpasuaji mkubwa atakayekuja kumpasua. Huyo hawezi kufungua mtu kwa kubahatisha. Atashika kwanza mfupa wa plastiki, atageuza, atapinda vyuma vyake juu yake mpaka vikae sawasawa, ndipo aingie ndani ya Samira akijua anakwenda wapi. Nilisema Alhamdulillahi. Mara ya kwanza tangu ajali nilisikia neno kupasuliwa na moyo wangu haukuruka.

"Na hii ingine ni yenu," Dokta alisema, akampa Nasoro nyonga nyeupe, nzima, nzuri, upana wake kama sahani ya mchuzi. "Muende nayo nyumbani muelezee wakubwa. Kila nikitaja kisu, familia inaniletea bajomba kumi, na kila mujomba iko na swali yake."

Arlette naye akaanza kueleza kitu, lakini nani alikuwa anamsikiliza? Nasoro alikuwa ameshainua ule mfupa kwenye dirisha anauangalia kwa mwanga. Mimi nilikuwa namwangalia Nasoro. Samira peke yake alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na Arlette, wanaongea kwa sauti ya chini na kucheka.

Niliukuta ni mdogo, ndiyo. Nilijishika makalio yangu nikajiambia, Asha, kumbe hii yote ni nyama! Nani kati yetu amewahi kuona nyonga ya binadamu? Sisi maiti tunaosha, tunavisha, tunazika. Hatufungui kuangalia ndani.

Posa ikafika. Watu wa Juma wakavuka kutoka Ubwari: wajomba wawili, baba yake mdogo, Juma mwenyewe ndani ya kanzu iliyopigwa pasi, na nyanya yake, Bibi Faida. Huyo Bibi Faida kule kwao ndiye mzalishaji. Nusu ya watu wa Ubwari wametokea mikononi mwake, na nusu iliyobaki inamwogopa. Wageni wakaketi kwenye mkeka, tukawapa chai. Samira alikuwa chumbani nyuma ya pazia, maana kwetu msichana hakai na watu wanaomwongelea, anangoja aitwe.

Mimi nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Kwetu haifai kuficha kilema cha binti, ukificha ndoa inaweza kurudi ikiwa na matusi. Basi ningesema: binti yetu alianguka, atapasuliwa, Dokta amesema atatembea na atazaa inshallah. Yangetosha, na tungegeukia mambo ya mahari tukala pilau. Lakini kabla sijafungua kinywa, Nasoro aliingia na kitenge kilichofungwa, akakifungua katikati ya mkeka.

"Sisi hatufichi kitu," akasema, kifua mbele. "Hii njo nyonga ya mutoto wangu. Muone ninyi benyewe."

Jamani! Wajomba walirudisha miguu nyuma. Mmoja alisema astaghfirullah. Nasoro hata hakuona, anaonyesha ufa kwa kidole, anaeleza vyuma vitapita hapa, vitatokea pale, utadhani ndiye mpasuaji. Wakaupitisha mkono kwa mkono. Nyonga ya mwanangu ikapita kwenye magoti ya wanaume waliotoka kunywa chai. Nilikuwa nasikia joto mpaka kwenye masikio.

Ukafika kwa Bibi Faida. Yeye hakuangalia ufa. Aligeuza mfupa, akaangalia lile tundu la katikati, akaangalia tena. Kisha akakunja ngumi ya mkono wa kulia, akaiweka kwenye tundu, akasukuma.

Haikuingia.

Akatoa, akageuza mfupa, akasukuma upande mwingine. Ikagota kwenye vifundo vya vidole.

"Kichwa cha mutoto kinapita ngumi yangu kwa ukubwa," Bibi Faida akasema polepole. "Hapa mutoto hapiti. Mi nimeona bamama ba namna hii. Nimebazika."

Nilisema Dokta hajasema hivyo! Nilisema Dokta ametuambia njia ya mtoto haina shida, ufa uko kwenye kikombe cha paja tu! Mjomba mkubwa akaniambia kwa heshima kwamba Dokta ni Dokta, na bibi ni bibi. Nilimwangalia Juma. Alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Baada ya muda waliomba ruhusa, wakasema watarudi kuongea, na kila mtu pale alijua hawatarudi. Pilau ilibaki kwenye sufuria.

Nilipofunua pazia, Samira alikuwa amesimama, si amekaa. Amesimama na gongo lake karibu kabisa na mlango. Nilimkumbatia. Alikuwa mkavu, hana hata chozi.

Kufikia Ijumaa soko zima lilikuwa linajua. Bamama waliokuwa wanampa Samira nguo za harusi za mabinti zao wakaanza kumwangalia kiuno kwa huruma. Mmoja alinunua samaki kwangu akaniuliza, polepole, eti ni kweli msichana amezibwa? Nilimrudishia pesa yake na nikamnyang'anya samaki.

Kisha nikaenda hospitalini. Sikuenda kuuliza, nilienda kugombana. Niliingia kwenye chumba cha Arlette nikaurusha ule mfupa juu ya meza yake, nikamwambia, "Shika mufupa wenu! Mumeniulia mutoto na plastiki!" Nilisema mengi, mengine siwezi kuyarudia mbele ya watu. Arlette alingoja nimalize. Nilipoeleza habari ya ngumi, aliweka mkono mdomoni.

"Mama Asha," akasema, "ile si kipimo chake. Ile tuliipunguza."

"Mulipunguza nini?"

"Yote. Mashini yetu iko mudogo, mama. Nyonga ya mutu mukubwa haiingii. Ya mupasuaji nilitengeneza vipande viwili, kila kipande kipimo chake kamili, nikaunganisha na gundi. Ya nyumbani nilipunguza, zaidi ya nusu kidogo njo ilibaki, ili ikuwe kitu kimoja, muweze kubeba. Si nilieleza siku ile?"

Akafungua kabati akatoa ya mpasuaji. Yarabi! Ilikuwa kubwa, pana, ina mstari wa gundi katikati, na lile tundu lake! Nilikunja ngumi nikaingiza. Ikapita, ikazunguka, nikaingiza na ya pili pembeni yake. Nililia pale pale, nikamkumbatia Arlette niliyetoka kumtukana. Nilimwomba aniazime. Alikataa, akasema mpasuaji akifika akakosa mfupa wake, yeye Arlette ndiye atapasuliwa. Nilimwambia mpasuaji bado yuko safarini, na nikamwapia kwa Mungu nitaurudisha bila mkwaruzo. Mwishowe aliufunga kwenye shuka ya hospitali akaniambia niende haraka.

Nyumbani niliingia napiga kelele. Nasoro nilimpa yake: "Uliambiwa! Arlette alikuambia iko mudogo, masikio yalikuwa dirishani!" Alikaa chini, akasema, "Kweli alisema kitu." Ndiyo hivyo tu, alisema kitu! Samira alikuwa anashona. Nilimwekea ule mkubwa mbele ya cherehani nikamwambia, tazama mwanangu, tazama wewe ulivyo! Aliuangalia, akapitisha kidole kwenye ule mstari wa gundi, akasema, "Asante, shangazi." Nilidhani ni uchovu. Mtu aliyevunjiwa ndoa utamdai furaha ya ghafla?

Siku ya pili nikapanda boti ya Ubwari, mfupa kwenye mapaja. Mzee mmoja aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia haki yangu.

Nilimkuta Bibi Faida uani kwake. Sikukaa hata kwenye kiti. Nilifungua shuka mbele ya wakwe, wajukuu na majirani waliokuja kuangalia, nikasema, "Bibi, heshima yako naitunza. Ila ile uliyopima ilipunguzwa, juu ya mashini yao, iko mudogo. Kipimo cha Samira njo hiki. Weka ngumi."

Akaniangalia. Akakunja ngumi, akaingiza, ikapita bila kugusa. Akaingiza na ya kushoto. Aligeuza, akachunguza ule ufa kwa ukucha, akapima mbele na nyuma kwa vidole kwa utaratibu wa mtu anayejua kazi yake. Kisha akaweka mfupa chini, na yule mwanamke anayeogopwa na Ubwari nzima akasema mbele ya wote, "Mi njo nimekosea. Mutoto iko muzima. Nimemusemea vibaya, Mungu anisamehe, na weye Asha unisamehe."

Nitamkumbuka kwa hilo. Sijui watu wengi wa umri wake wanaoweza kula maneno yao mchana, uani, majirani wanaangalia. Akaagiza nipikiwe. Wajomba wakaitwa, wakasema posa irudi, watakuja tena na sukari na vitenge vya kufuta aibu. Nilikula bugali na sombe, yale majani ya muhogo, na samaki mpaka nikalegeza mkanda. Nilikuwa na furaha, jamani, nilikuwa na furaha hata nikaimba.

Juma alikuja kunisindikiza kwenye boti. Alinibebea mfupa. Alikuwa anacheka meno yote, yule kijana wangu wa maembe.

"Shangazi, mi nimefurahi sana," akasema. "Mi nilikuwa najua tu ile iko mudogo."

Nilidhani anasifu moyo wake. "Ulikuwa unajua namna gani?"

"Samira alinitumia foto kwa simu, siku ile ile banatoka hospitali. Aliiweka pembeni ya sahani ya bugali. Akaandika, tazama bamenipunguza, ila usiogope, mi niko muzima."

Nilisimama. Maji yalikuwa yanafika kwenye kandambili zangu.

"Foto ilikufikia kabla ya posa?"

Hapo akaona uso wangu. "Kabla," akasema.

"Bibi yako anasukuma ngumi, Juma. Anasema mutoto wangu atazikwa. Weye umekaa pale na kanzu yako, unajua, na unanyamaza?"

"Shangazi, kijana atasema nini mbele ya bakubwa? Ku posa mi siongei."

"Na njiani? Na hapa nyumbani? Si unakaa na bibi nyumba moja, unakula kwenye sahani yake?"

Akaanza kuchora mchangani kwa mguu. Alisema alingoja hasira zipoe. Alisema alitaka kupiga simu, hakujua aanze wapi. Kisha akasema lile ambalo afadhali angelimeza: "Na mi si dokta, shangazi. Bibi njo anajua mambo ya kuzaa. Nikajiuliza, na kama batu ba hospitali banatudanganya?"

Nilitaka kumpiga kwa ile nyonga. Nakwambia ukweli wa Mungu, niliinyakua kwake, nikaunyanyua mkono. Nikakumbuka ni ya mpasuaji. Nikaifunga vizuri kwenye shuka yake nikapanda boti, na sikugeuka kumwangalia.

Njia nzima nilikuwa najipangia maneno. Ningesema wamekubali, bibi ameomba msamaha, basi. Hayo mengine ningeyameza, nani amekufa kwa kumeza? Wanaume wangapi wananyamaza mbele ya bibi zao, na wake zao wanazaa, wanazeeka? Niliposhuka Baraka nilikuwa nimeshaamua. Samira alikuwa kwenye cherehani yake, watu wameshaondoka sokoni.

"Bamekubali?" akauliza.

"Bamekubali! Bibi Faida ameomba musamaha mbele ya bote, mwanangu. Banarudi."

Hakucheka. Alikata uzi kwa meno. "Na Juma? Amekuambia kama alikuwa anajua?"

Yale yote niliyopanga ndani ya boti yalinitoka kichwani. "Amesema," nikajibu.

Akaitikia kwa kichwa. Ndipo nikaelewa, na hasira yangu ikamgeukia yeye, maana nilikuwa sina mwingine wa kugombana naye pale. "Na weye! Weye ulikuwa nyuma ya pazia na unajua! Umesikia yote! Juu ya nini haukupaza sauti? Neno moja tu, Samira! Nani angekukataza, mi nikiwa pale?"

"Nilikuwa nimefungua mudomo, shangazi," akasema. "Nimeshika na pazia. Kisha nikajiambia, ngoja, Juma iko pale, Juma atasema. Nikangoja. Nikangoja mpaka nikasikia banavaa viatu."

Niliweka ile shuka ya mfupa chini.

"Mi ningesema, leo ningekuwa muke wake," akaendelea. "Halafu siku moja nalala kwa mukeka nazaa, mutu anasema huyu hatapona, Juma iko mulangoni anajua kitu, na ananyamaza. Shangazi, mi namupenda. Mi namupenda mpaka leo." Na hapo ndipo alipolia, yeye aliyekuwa mkavu siku zote zile, akalala juu ya cherehani na mabega yake yanaruka, na mimi nilikaa chini kwenye vumbi nikamshika mguu ule mbaya.

Watu wa Ubwari walikuja na sukari yao. Niliirudisha mimi mwenyewe, shangazi akikataa hakuna wa kupita juu yake. Nasoro aligombana nami mpaka akahamia chumba cha uani. Bibi Faida peke yake hakugombana. Aliuliza sababu, nikamwambia yote, akamgeukia mjukuu wake akamwangalia kwa muda mrefu, kisha akaomba asaidiwe kuinuka.

Mpasuaji alikuja, akakuta mfupa wake hauna mkwaruzo. Vyuma vilikaa vizuri. Samira anatembea sasa, gongo amelitupa, ila akichoka kiuno kinakumbuka. Ule mfupa mdogo nimeuficha mahali, Nasoro bado anautafuta ili awaonyeshe wageni. Juma alipiga simu mara nyingi, halafu akaacha, na nasikia ameoa. Lakini watu bado wanakuja kwenye meza yangu, wanashika samaki, wanabonyeza macho yake, kisha wananiuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli ile ndoa ilivunjwa na nyonga. Hao siwauzii.